Bosi mkuu haji ofisini peke yake, anakuja na maisha yake yote: tuwatazame walioongoza Safaricom

Mleta uzi

Wakuu, salaam zenu.

Mimi ni mhasibu kwa kazi, na ni mjumbe wa bodi ya SACCOS moja ambayo mwezi ujao inaajiri meneja mkuu mpya. Waombaji wamechujwa, wamebaki watatu. Kikao kilichopita tulibishana karibu saa mbili juu ya mpango mkakati wa miaka mitano: riba iwe kiasi gani, tufungue tawi la pili au tusubiri, tuingie kwenye mikopo ya simu au tuachane nayo. Nikasema neno lililowaudhi wenzangu: haya yote yataamuliwa na mtu tutakayemkalisha kwenye kile kiti, tena yataamuliwa na mambo yaliyompata kabla hajatufahamu. Mwenyekiti alidhani nampigia debe mmoja wa waombaji. Sivyo. Nimeona nilete hoja humu niieleze kwa kirefu, maana kikaoni sikupewa nafasi.

Nianze na nilichokiona kwa macho. Nilifanya kazi miaka saba kwenye kampuni ya kusambaza bidhaa za dukani: sabuni, mafuta ya kula, unga wa ngano, vibiriti. Bosi wa kwanza alikulia kwenye duka la baba yake, na duka hilo lilikufa kwa mali kauli. Wateja walichukua mzigo kwa maneno, wakaahidi mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi ulipofika wakawa wanapitia mtaa wa pili. Kisa hicho alitusimulia mara nyingi sana. Chini yake hakuna katoni iliyotoka stoo kabla fedha hazijaonekana benki. Tulikuwa na akiba nzuri na hakuna mtu aliyetudai, lakini wateja wetu wakubwa wa jumla walituhama mmoja mmoja wakaenda kwa waliokuwa tayari kuwakopesha.

Akastaafu. Akaja aliyepanda kupitia mauzo. Kwake mteja kuondoka mikono mitupu lilikuwa jambo la aibu. Mwaka wa kwanza mauzo yalipanda mpaka tukafanya sherehe. Mwaka wa tatu nilikuwa na faili nene la hundi zilizokataliwa benki, na mishahara ilichelewa miezi miwili.

Bodi ilikuwa ile ile, malori yale yale, ghala lile lile, na vitabu nilivishika mimi yule yule. Alibadilika mtu mmoja tu. Na wala hakuna kati yao aliyekuwa mjinga au mwizi. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Yule wa pili alikuwa hajawahi kuumwa.

Jambo hili lina wasomi wake. Mwaka 1984 Wamarekani wawili, Donald Hambrick na Phyllis Mason, waliandika makala iliyosema kwamba kampuni ni taswira ya watu wake wa juu. Hoja yao ni nyepesi kuielewa kwa yeyote aliyewahi kukaa karibu na ofisi ya bosi: taarifa zinazomfikia kwa siku ni nyingi kuliko kichwa kimoja kinavyoweza kubeba. Hivyo hapimi kila kitu. Anatazama upande aliozoea kutazama, anaona sehemu tu ya anachokitazama, halafu anakitafsiri kwa yale aliyopitia. Na kwa kuwa huwezi kufungua fuvu la mtu ukachungulia, wakapendekeza tuangalie vinavyoonekana kwa nje: umri, fani aliyopandia, elimu, hali ya familia aliyotoka, aina ya kazi alizopitia.

Sasa mfano ambao wengi wetu tunaufahamu: Safaricom ya Kenya. Nauchagua kwa sababu ni kampuni ile ile, na mabosi wake wakuu wa kudumu ni wachache mno kwa zaidi ya miaka 20. Unaweza kuwaweka mezani mmoja mmoja.

Michael Joseph alishika usukani mwaka 2000. Ni mhandisi wa umeme aliyesoma Chuo Kikuu cha Cape Town, na kabla ya Nairobi alikuwa Hungary na Vodafone, kampuni ya simu ya Uingereza iliyokuwa mwanahisa mkubwa wa Safaricom. Alikuta wateja wasiofika 20,000. Mshindani wake, KenCell, alianza mwaka huo huo akiwa na sura ya kampuni ya watu wa maofisini, akitoza kwa dakika. Safaricom ikatoza kwa sekunde na ikawaelekea watu wa vocha. Waliokuwa na simu enzi zile wanajua maana yake: ukiongea sekunde 12 unakatwa za sekunde 12, humlipii mtu dakika nzima kwa kusema "nimefika salama". Huyu ni mtu aliyeona mtandao kama mtambo: gharama kubwa umeshaingia kwenye minara, basi jaza watu wengi iwezekanavyo, kila mmoja alipe kidogo. Hata kauli yake iliyowaudhi Wakenya, kwamba wana tabia za kipekee za kupiga simu, ukiisikiliza vizuri ni kauli ya mhandisi anayeangalia mzigo wa mtandao ukipanda kwa saa fulani. Mfanyabiashara wa sokoni angeona neema pale pale yeye alipoona msongamano.

Alipoondoka Novemba 2010, wateja walikuwa zaidi ya milioni 16.

Bob Collymore alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alizaliwa Guyana mwaka 1958, akalelewa na bibi yake, akaenda Uingereza akiwa na miaka 16 kumfuata mama yake. Chuo kikuu hakusoma. Alipanda kupitia manunuzi, baadaye akashughulikia uhusiano wa kampuni na jamii kule Vodacom Afrika Kusini. Alipokelewa na vita ya bei. Agosti 2010 Zain (ndiyo ile KenCell baada ya kubadili jina), ambayo ilikuwa imenunuliwa na Bharti Airtel, ilishusha bei ya kupiga hadi shilingi 3 kwa dakika. Faida ya Safaricom ikateremka kutoka takriban bilioni 15 za Kenya hadi chini ya bilioni 13 mwaka wa fedha ulioishia Machi 2012.

Hapa ndipo penye utamu wa somo lenyewe. Bosi aliyelelewa na mitambo angeweza kuendelea kupambana kwa bei na minara. Collymore akageukia maisha ya mteja: huyu mtu analala na wasiwasi gani? Novemba 2012 ikaja M-Shwari, mtu akaweka akiba na kukopa kwa simu kupitia benki ya CBA. Mwaka uliofuata Lipa na M-Pesa ikaingia madukani. Vijana wakatengenezewa mpango wao, Blaze. Akatangaza mali zake hadharani mwaka 2015 na kuwataka viongozi wengine wafanye hivyo. Akawapa watoto wa Korogocho, mtaa wa mabanda wa Nairobi, jukwaa la muziki. Wapo wanaosema hayo ya mwisho ni mapambo. Mimi naona yametoka sehemu moja na M-Shwari: kijana aliyekosa chuo, akaanza kazi mapema kwenye nchi ya watu, anajua jinsi shilingi mia tano ya dharura inavyoweza kugeuza wiki ya mtu. Alipofariki tarehe 1 Julai 2019, faida ya mwaka ilikuwa imepita bilioni 60.

Peter Ndegwa alianza Aprili 2020. Mkenya, amesomea uchumi, amepitia ukaguzi wa mahesabu, halafu miaka mingi kwenye biashara ya bia ya Diageo: Kenya, Ghana, Nigeria, Ulaya. Kwake kampuni imevuka mpaka. Mei 2021 kundi lililoongozwa na Safaricom lilipata leseni ya Ethiopia kwa dola milioni 850, na huduma ikazinduliwa Oktoba 2022. Mtu aliyehamishwa nchi hadi nchi haogopi kuanza upya ugenini. Ila niseme ukweli: hamu ya Ethiopia ilikuwepo kabla yake, tangu 2019. Kwa hiyo kwake hoja yangu ina uzito mdogo kuliko kwa wale wawili.

Karibuni mnikosoe.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, uzi mzuri ila umempa mtu mmoja sifa za soko zima. Simu za mkononi zilikuwa zinakuja Afrika hata angekaa nani pale. Umweke Joseph, umweke shangazi yangu, watu wangenunua laini tu.

Mleta uzi

Nakubaliana nawe nusu. Mawimbi ya soko yalimbeba. Lakini KenCell ilikuwa kwenye bahari hiyo hiyo, mwaka huo huo, na ilikuja kubadili jina mara tatu: Celtel, Zain, Airtel. Mvua ilinyesha kwa wote wawili, na mashamba hayakufanana.

Nusu ya pili nakuachia, na nitakuongezea hoja ya kunipinga. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, kwetu Tanzania ikaja 2008 kupitia Vodacom. Baada ya miezi 14 Kenya ilikuwa na watumiaji takriban milioni 2.7, Tanzania takriban 280,000. Ukisema tofauti hiyo ni ya mabosi utakuwa unadanganya. Sisi tumetawanyika kwenye nchi kubwa, Vodacom haikuwa na soko kubwa kama la Safaricom, na mawakala waliandaliwa kwa namna nyingine. Bosi ni sehemu ya hesabu. Hesabu ina mistari mingi.

Mchangiaji wa 2

Ndugu, mimi niko Nairobi. Usisahau M-Pesa haikuwa wazo la Joseph. Ilitoka kwa akina Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, tena kwa sehemu ya fedha za msaada za serikali ya Uingereza, na mwanzoni ilikuwa ya kulipia mikopo midogo ya Faulu. Mbona unampa yeye?

Mleta uzi

Sikumpa, na umefanya vizuri kulisema ili lisipotee. Majaribio ya 2005 yalionesha watu wanaitumia vingine: wanatumiana fedha wao kwa wao. Hapo sasa ndipo bosi anaonekana. Wazo linaweza kuletwa na yeyote; bosi anapimwa kwa lipi analikubali na analipa nguvu kiasi gani. Kampuni ya simu kushika fedha za watu ilikuwa hatari kubwa. Benki zilipiga kelele, serikali ikaamuru ukaguzi. Bosi aliyetoka benki angeweza kuona sheria zote zinazoweza kuvunjika. Joseph alitoka kwenye mitambo, na wauzaji wa vocha waliokuwa wameshasambaa kila kona alikuwa nao tayari. Kwake M-Pesa ilikuwa mzigo mwingine wa kupitisha kwenye njia iliyopo. Kutojua hofu za benki kulimsaidia. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu kwenye usaili tunawasifu watu kwa wanachokijua, hatuangalii kile ambacho kutokukijua kunawapa ujasiri.

Mchangiaji wa 3

Naomba nilete Boeing, watengeneza ndege wa Marekani. Tulipoteza watu kwenye ile ndege ya Ethiopian Airlines tarehe 10 Machi 2019, watu 157, Wakenya 32. Miezi minne na kidogo kabla yake Lion Air ilianguka Indonesia na watu 189. Wengi wanasema kampuni iliharibika pale watu wa mahesabu walipowashinda wahandisi, baada ya kuungana na mshindani wao McDonnell Douglas 1997 na kuhamisha makao makuu kutoka Seattle kwenda Chicago 2001. Mleta uzi wewe ni mhasibu, unasemaje?

Mleta uzi

Pole kwa msiba huo, mkuu. Jirani yetu mmoja alimpoteza binamu yake kwenye ndege ile, na ndiyo maana habari za Boeing nimezifuatilia kwa miaka.

Nasema hivi, na sijitetei kwa sababu ya fani yangu. Hadithi ya "wahasibu wabaya, wahandisi wazuri" haikai sawa ukiwataja watu kwa majina. Uamuzi wa kuiboresha 737 ya zamani badala ya kubuni ndege mpya, uliozaa 737 MAX, aina ya ndege zote mbili zilizoanguka, ulifanywa 2011 chini ya James McNerney, mtu wa shahada ya biashara ya Harvard aliyetoka General Electric na 3M. Hapo hoja yako inasimama: mshindani wake Airbus alikuwa ameshatangaza ndege yake ya A320neo, American Airlines akawa anaelekea huko, na bosi akachagua njia ya haraka na ya gharama ndogo. Lakini aliyekuwa kwenye kiti ndege zote mbili zilipoanguka ni Dennis Muilenburg, mhandisi aliyekulia ndani ya Boeing. Na aliyeng'oa makao makuu Seattle ni Phil Condit, naye mhandisi.

Kwa hiyo fani peke yake haitoshi. Angalia pia mtu alikaa na nani na alilipwa kwa kipimo gani. Mhandisi anayelipwa kwa bei ya hisa, aliyezungukwa na watu wanaoongea bei ya hisa asubuhi na jioni, baada ya miaka kumi anaiota bei ya hisa. Hambrick na Mason wenyewe hawakuandika juu ya bosi mmoja tu, waliandika juu ya kundi zima la juu. Hilo nililipita haraka mwanzoni, na ni kosa langu.

Mchangiaji wa 4

Vipi kuhusu majivuno? Nimefanya kazi na bosi ambaye picha yake ilikuwa kila mahali, mpaka kwenye kalenda. Je, kampuni za watu kama hao hufanya vizuri au vibaya?

Mleta uzi

Umegusa utafiti ninaoupenda kuliko yote. Arijit Chatterjee na Hambrick, mwaka 2007, waliwachunguza mabosi 111 wa kampuni za kompyuta na programu Marekani. Hawakuwapa dodoso, maana hakuna bosi atakayejaza kwamba anajipenda kupita kiasi. Walipima ukubwa wa picha yake kwenye ripoti ya mwaka. Wakahesabu anatajwa mara ngapi kwenye taarifa za kampuni, anasema "mimi" mara ngapi kulinganisha na "sisi" akihojiwa, na malipo yake yanamzidi anayemfuata kwa malipo kwa kiasi gani.

Matokeo yake yanastahili kusomwa taratibu. Wenye kujipenda sana walibadili mikakati mara nyingi zaidi na walinunua kampuni nyingine zaidi na kubwa zaidi. Matokeo yao yalikuwa ya kupanda sana na kushuka sana. Kwa wastani hawakuwa bora wala wabaya kuliko wengine. Kwa mfuko wa uwekezaji wenye hisa za kampuni mia, hilo si tatizo. Kwa SACCOS ambayo akiba za mama lishe na walimu ziko sehemu moja, kupanda sana na kushuka sana ndilo janga lenyewe.

Mchangiaji wa 5

Swali gumu kidogo. Bodi ndiyo inayomchagua bosi. Labda bodi iliamua mkakati kwanza, ikamtafuta mtu anayefanana nao. Basi mtu ni matokeo ya mkakati, siyo chanzo. Unatenganishaje?

Mleta uzi

Hili ndilo swali lililonisumbua zaidi. Ni kweli, vita ya bei ya 2010 ilihitaji mtu wa aina fulani, na huenda Vodafone walimwona Collymore kwa jicho hilo.

Watafiti wamejaribu njia mbili ninazoziamini. Marianne Bertrand na Antoinette Schoar, 2003, waliwafuatilia mameneja waliohama kutoka kampuni moja kwenda nyingine. Waliona mtu anahama na tabia zake: mpenda kukopa anakopa na kule, mpenda kununua kampuni ananunua na kule. Njia ya pili inatoka Denmark. Walitazama kampuni ambazo bosi alilazwa hospitali, jambo ambalo bodi haipangi. Bosi akilazwa, faida na uwekezaji vinaguswa. Wakilazwa wakubwa wengine, hali haiwi hivyo. Na athari ilikuwa kubwa zaidi kwenye kampuni zinazokua na zile zinazoshikwa na familia.

Kuna kitu kingine cha kuongeza: nafasi. Bosi wa shirika linalopangiwa bei na wizara, anayeajiri kwa kibali na kununua kwa kibali, anaweza kuwa na haiba ya simba na usiione kwenye mahesabu. Tabia ya mtu huonekana pale alipoachiwa uwanja. James Mwangi pale Equity aliachiwa uwanja kwa sababu kampuni ilikuwa inakufa. Mwaka 1993 Equity ilikuwa bado jumuiya ya mikopo ya nyumba, na zaidi ya nusu ya mikopo yake ilikuwa hailipiki. Hakuna aliyekuwa na cha kumzuia. Mtoto wa mama mjane wa Kangema, Murang'a, akajenga benki iliyowafungulia akaunti watu wasio na salio la kuanzia. Angekwenda na wazo hilo kwenye benki kubwa yenye amani zake, lingezikwa kwenye kamati.

Mchangiaji wa 6

Sawa mkuu, nadharia tumeielewa. Sasa hao waombaji wenu watatu utawapimaje? CV zote zinasema "mchapakazi, anafanya kazi kwa timu".

Mleta uzi

CV nitaisoma kwa mpangilio wa miaka, nikitafuta alikuwa wapi mambo yalipoharibika. Kuna utafiti wa Marekani ulioonesha kwamba mabosi waliokulia kwenye mdororo mkuu wa miaka ya 1930 walikwepa madeni walipokuja kuongoza kampuni. Na mwingine umeonesha jambo ambalo sikulitegemea: waliokulia kwenye majanga ya asili makali sana huwa waangalifu, lakini walioyaona majanga bila kuona madhara makubwa huwa wajasiri kupita wengine. Wamejifunza kwamba dhoruba hupita. Kwa hiyo sitamuuliza tu kama amewahi kupata hasara. Nitamuuliza hasara hiyo ilimgharimu nini.

Maswali yangu ya usaili wa Jumamosi nimeshayaandika. Mkopo gani uliuidhinisha na haukulipwa, na wiki iliyofuata ulibadili nini? Ni lini mara ya mwisho aliye chini yako alikupinga ukamfuata? Baba au mama yako alikuwa anaongeleaje madeni nyumbani? Katibu anasema hilo la tatu si la kitaalamu. Mimi nalitaka kuliko mengine yote mawili.

Na nimemwomba mwenyekiti jambo moja: tuzungumze na mtu aliyefanya kazi chini ya kila mwombaji, mtunza stoo au karani wa mikopo, badala ya wadhamini aliowaandika mwenyewe. Amekubali jana jioni kwa simu. Mmoja wa hao makarani yuko Morogoro. Naondoka Alhamisi kumwona.

Nitarudi humu nikishaongea naye.